Mama Aliyefaulu Usaili

Dodoma, Jumapili alasiri

Mwanangu Damari,

Nakuandikia ukiwa hatua chache tu kutoka hapa nilipoketi. Nakusikia huko chumbani unafungua na kufunga zipu ya begi, unaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Ningeweza kuinuka nikuite. Lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nikilia utanibembeleza, na ukinibembeleza yatakwisha hivyo hivyo kama yalivyokwisha mara zote. Kwa hiyo naandika, kwa Kiswahili changu cha darasa la saba, na nitaiweka barua juu ya begi lako. Isome leo leo, kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kufunga dirisha, wala wanaume. Hayo unayajua, na usiyoyajua hutayasikia kwangu. Nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu ukiwa na miaka saba, na jana uliligusa bila kujua. Au kwa kujua, sina uhakika.

Jana tulikuwa tunachambua mlenda. Ukaniambia, "Mama, keshokutwa mkurugenzi wa shule akipita kunichukua, shangazi atakuwepo. Yeye anajua kuongea nao. Wewe usijisumbue, si ulisema una palizi?" Nikasema sawa. Nikaendelea kuchambua mlenda kama vile umeniambia habari za mvua. Baadaye nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate, mwanangu, kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Sikukutemea wewe. Nilijitemea mimi, kwa sababu ile "sawa" naijua, ni ile ile niliyoisema miaka yote.

Na kuna kazi yenyewe unayoiendea Morogoro. Umenieleza kwa furaha kwamba hutafundisha tu. Wazazi wakileta watoto kuanza darasa la kwanza, wewe ndiye utakayekaa ofisini uwaulize maswali kwa Kiingereza, kisha uandike nani anafaa na nani hafai. Usaili wa wazazi, ulisema. Nilishika ukuta. Ukadhani ni jua, ukaniletea maji.

Hebu nikueleze ulivyopata shule. Uliyosimuliwa ni ya uongo, na aliyekusimulia ni mimi.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, mtu akiwa na televisheni anaiweka dirishani ili wapita njia wajue. Hapa kwetu, palipokuwa na mashamba ya uwele ya mtaa mzima, likaja gari, wakashuka watu na ramani. Tukaitwa mkutanoni. Wakasema itajengwa shule ya msingi ya Kiingereza. Mtoto akivuka geti ni Kiingereza tu, darasani, uwanjani, chooni, anazama ndani ya lugha mpaka inakuwa yake. Wazee wakauliza, na watoto wetu je? Mwenye shule akaweka mkono kifuani akasema, "Shule hii ni yenu. Wenyeji watakuwa wa kwanza." Alianza hata hotuba yake kwa kutuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na sisi kwa ujinga wetu tukaona amekuwa ndugu. Nilipiga vigelegele kuliko mwanamke yeyote pale. Tukatoa mashamba.

Shule ilipoezekwa, likaja sharti ambalo mkutanoni halikutajwa. Mtoto hapimwi peke yake. Anapimwa na mzazi wake, kwa Kiingereza, ili ijulikane kama nyumbani lugha itaendelea.

Siku ya usaili nilivaa kitenge cha Krismasi. Wewe nilikupaka mafuta mpaka ukawa unateleza. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na jirani yetu Mama Chilewa na binti yake, rika lako. Dirisha lilikuwa wazi. Wakamwita yeye kwanza. Nikamsikia mwalimu mkuu akimuuliza kitu kwa Kiingereza. Akauliza tena, polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wanavyosema na kiziwi.

"Mwalimu," Mama Chilewa akasema, "mimi ni Mgogo. Kiswahili chenyewe nakiokoteza. Lakini huyu mtoto ana akili, mpime yeye."

Mwalimu mkuu akacheka kwa upole. Alikuwa mwanamke mpole sana yule, na upole wake ndio ulionichefua kuliko kama angefoka. "Mama," akasema, "mtoto sina wasiwasi naye. Tatizo ni nyumbani. Sisi hapa tunamzamisha kwenye lugha, akirudi kwako anatolewa tena. Tutakuwa tunafanya kazi bure."

Mama Chilewa akatoka. Hakulia. Alinitazama tu akaniambia kwa Kigogo, "Tatizo ni nyumbani kwangu, anasema. Na nyumba yangu hajawahi kuiona."

Wakaita jina langu. Hawakunikuta, Damari. Nilikuwa nimeshakushika mkono, tuko karibu na geti, na wewe unauliza, "Mama, tumeshaingia?" Nikakuambia tumeshaingia.

Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba shule ile ilinikataa. Haikunikataa. Ilikuwa haijaniona. Nilijikataa mwenyewe ili nisiwape kazi.

Wiki ile ile nilikwenda Area C kwa wifi yangu Yunisi, shangazi yako. Unamjua alivyo. Alikuwa katibu muhtasi wizarani, anavaa viatu vya kisigino hata akienda sokoni, na Kiingereza anacho. Nilimweleza, akacheka. "Wifi, hilo nalo la kukuliza? Nitaenda mimi. Nitasema ni wa kwangu. Nani atajua?" Miaka ile hakuna aliyeulizia cheti cha kuzaliwa. Baba yako alikuwa Kibaigwa anapakia magunia ya mahindi kwenye malori, akaja Jumamosi, akasikiliza huku anakula, akasema, "Yunisi anajua kuongea. Mwacheni aende." Akanawa mikono. Kikao cha familia kikawa kimekwisha.

Yunisi hakujaliwa mtoto. Nilijiambia namsaidia na yeye, kwamba kuitwa mama mara moja kwa mwezi kutampoza. Uone mtu anavyoweza kujipaka asali mwenyewe. Sikuwa namsaidia mtu. Nilikuwa namtanguliza mbele ili nisionekane.

Kazi ya kukufundisha uongo huo niliifanya mimi, si yeye. Nadhani umeisahau, au nimeomba uwe umeisahau. Nilikaanga karanga, nikaziweka kwenye bakuli, nikakaa kwenye kigoda, ukasimama mbele yangu.

"Mama yako ni nani?"

"Wewe."

Nikafunika bakuli kwa kiganja. "Mama yako ni nani?"

"Si wewe, mama?"

Mara ya tatu ukatazama bakuli, ukanitazama mimi, ukasema, "Mama Yunisi." Nikakupa karanga mbili. Nimeona mtu akimfundisha mbwa hivyo. Tuliendelea mpaka bakuli likaisha, na siku ya usaili ulikuwa umeiva, hukubabaika hata kidogo. Mkiwa nje ya ofisi Yunisi alikuuliza kama una kiu, ukamjibu, "Hapana, mama." Alinisimulia mwenyewe, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akarudi na barua. Walimwambia mzazi amefaulu vizuri sana. Mzazi!

Basi nikawa nakusindikiza kila asubuhi mpaka kwenye uzio wa minyaa, hapo nakupa begi, unaenda peke yako. Nilishakufundisha usigeuke nyuma. Wazazi wengine walinizoea. Walidhani mimi ni msichana wa kazi aliyezeeka, na mmoja aliwahi kuniuliza kama kwetu kuna mwingine mwaminifu kama mimi, amchukue. Nikamwambia nitamuulizia.

Vikao vya wazazi alikwenda Yunisi. Kutoka kimoja alirudi akanieleza kwamba wazazi wameafikiana, kwa faida ya watoto, kwamba hata nyumbani mtoto asiongeleshwe lugha nyingine. Nikamuuliza, "Na wewe ulisemaje?" Akasema, "Niliunga mkono. Ningesemaje, wifi? Wote waliinua mikono." Na wewe ulikuwa mtoto mtiifu, ukaishika amri ile kama amri za Mungu. Muhula mzima hukuniongelesha. Ukitaka maji unaonyesha kikombe. Kiingereza chako ulikuwa ukikizungumza na kuku, kwa kuwa kuku hawakuwa na hatari ya kukujibu kwa Kigogo. Mimi nilikaa mlangoni nikiwaonea wivu kuku. Usicheke. Au cheka, hata mimi nimecheka nikiandika.

Kigogo chako kilikauka mwaka ule. Bibi yako wa Haneti alikuja akakusalimia, ukamtazama kama redio. Aliniuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Nikamwambia ana mafua.

Sasa nikueleze ile siku ya utamaduni. Ulikuwa darasa la tatu. Hii najua unaikumbuka, maana hatujawahi kuitaja hata mara moja.

Shule ilikuwa inatarajia wageni, wafadhili kutoka nje, na mwalimu mkuu akatuma mtu mtaani kutafuta akina mama wa ngoma ya muheme. Wanawake wa Kigogo, wenye ngoma zetu, na nguo nyeusi na shanga, tafadhali. Mama Chilewa akacheka mpaka akakaa chini. "Tukileta watoto hatuingii. Tukileta ngoma tunafunguliwa geti lote, na soda juu." Akasema haendi. Mimi nilisema naenda, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeongoza mdundo, na yeye akaja.

Nitakuambia kwa nini nilikwenda. Miaka mitatu sikuwahi kuona dawati lako. Nilitaka kuliona. Kama mzazi nilikuwa siruhusiwi, nikaona basi niingie kama ngoma.

Tulipewa kiti? Hapana, tulisimama juani karibu na bomba la maji. Mbele, chini ya turubai, wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na Yunisi katikati yao, amevaa kofia. Mwalimu mkuu akatoa hotuba kwa Kiingereza kisha kidogo kwa Kiswahili ili na sisi tusikie. Akasema shule inaheshimu lugha na mila za wenyeji. Akasema shule inawashirikisha wenyeji katika kila hatua, na akatunyooshea mkono, na wageni wakapiga makofi. Nilikuwa nimebana ngoma katikati ya mapaja, jasho linanitiririka mgongoni, na nikawaza kwamba huyu mwanamke anaamini anachosema. Hakuwa mnafiki. Hicho ndicho kilichonitia kinyaa. Alidhani ametushirikisha kweli.

Halafu wakakuita wewe. Ulikuwa wa kwanza darasani, Kiingereza chako kilikuwa kikitiririka, ukachaguliwa kuwaeleza wageni habari za ngoma. Ulikuja na fimbo ndogo ya mwalimu. Ukasimama mbele yangu, ukasoma kwenye karatasi. Sikuelewa maneno, lakini ulipoigusa ngoma yangu kwa ncha ya fimbo, nikajua umefika kwangu. Yunisi alinitafsiria baadaye. Ulikuwa umesema kwamba hii ni ngoma, na wanawake hawa wa Kigogo huipiga wakati wa mavuno, na ni watu wakarimu. Ndivyo mwalimu alivyokuandikia. Wanawake hawa.

Tukapiga. Sijawahi kupiga vile. Nilipiga mpaka wageni wakaacha kupiga picha wakabaki wamesimama, na Mama Chilewa akawa ananitazama kwa wasiwasi.

Tulipomaliza, mwalimu mkuu akaja kutushukuru, amekushika bega. Alikutazama, akanitazama, akaona mwanya. Huu mwanya wetu wa meno ya mbele huwezi kuuficha ukiwa unahema. Akacheka, akasema kwa Kiswahili, kwa nia njema kabisa, "Mama, mbona mmefanana na huyu mtoto? Ni ndugu yako?"

Wewe ulinitazama. Yunisi kule chini ya turubai aliacha kupepea kofia. Mama Chilewa pembeni yangu alishusha ngoma chini.

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Mimi huwa namfulia nguo."

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipouona uso wako. Nilitegemea nione uchungu. Ningeupokea uchungu kama zawadi. Niliona nafuu. Mabega yako yalishuka, ukatabasamu na mwanya wako, ukakimbia kwa wenzako. Jioni nikiwa nakoroga uji ukaja nyuma yangu, ukanikumbatia kiunoni, ukasema kwa Kiswahili, baada ya muhula mzima wa kimya, "Mama, asante."

Nimeshapigwa. Baba yako aliwahi kunipiga, na mama yangu kabla yake. Hakuna aliyewahi kunipiga kama asante ile. Hukukosa wewe, ulikuwa na miaka tisa na ulisema ulichofundishwa. Karanga zilikuwa zimefanya kazi yake.

Ningeishia hapo ningeonekana mama mwenye huruma aliyejitoa kwa ajili ya mwanawe. Yunisi huwa anaisimulia hivyo, watu wanatikisa kichwa, wananiambia nilijinyima. Ukisikia mtu anasema hivyo, kataa. Kuna sehemu iliyobaki, na ndiyo inayonuka zaidi.

Baada ya siku ile Mama Chilewa aliwakusanya akina mama wa ngoma. Alisema inatosha. Waende kwa afisa elimu wa kata wakaikumbushe shule ahadi ya mkutanoni, kwamba wenyeji watakuwa wa kwanza. Wakaenda. Afisa akawaita watu wa shule. Watu wa shule wakajibu kwa heshima kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu, ila kwa bahati mbaya hakuna hata mtoto mmoja kutoka nyumba za Kigogo aliyeweza, kwa sababu ya mazingira ya nyumbani, na si haki kumtesa mtoto kwa lugha ambayo hatasaidiwa. Afisa akawaambia akina mama, "Mnasikia? Nileteeni hata mmoja aliyeweza. Mmoja tu, nami nitawabana."

Mama Chilewa akaja hapa mlangoni. Hakukaa. Akasema, "Wewe unaye huyo mmoja ndani ya nyumba. Wa kwanza darasani. Mtoto wa tembe hii, amelelewa kwa uji wa uwele na Kigogo cha mama yake mpaka miaka saba. Twende naye kesho. Useme tu kwamba ni wako."

Mwanangu, sikuwa naombwa chochote zaidi ya kusema wewe ni wangu.

Nilimwambia nitafikiria. Kesho yake aliposimama mlangoni kuita, nilijilaza ndani, nikakuambia umwambie mama amekwenda shambani. Ukamwambia. Nilimsikia amesimama kidogo pale nje. Nadhani aliona ndara zangu mlangoni. Kisha akaondoka, wakaenda bila mimi, na afisa akafunga faili. Shule haikumkubali mtoto mwingine yeyote wa mtaa huu kwa miaka niliyoijua. Jibu lilikuwa tayari, tatizo ni nyumbani, na ushahidi kwamba ni uongo nilikuwa nimeulaza kitandani mwangu na kuufunika shuka.

Niliogopa wangekufukuza. Hiyo ni kweli na sikatai. Lakini ningekuwa nakuogopea wewe tu, ningekwenda baadaye, ulipomaliza darasa la saba na hakuna wa kukufukuza. Sikwenda. Kwenye mahafali yako Yunisi alivishwa taji la maua kama mama wa mwanafunzi bora, na mimi nilikuwa nyuma na akina mama wa sufuria nachagua mawe kwenye mchele. Nilishazoea. Mtu huzoea hata harufu ya zizi.

Binti wa Mama Chilewa ameolewa Bahi, wanalima mpunga. Alipokuja mwaka jana alisoma tangazo la pembejeo kwa sauti pale dukani, wanaume wamemzunguka, na hakukosea hata neno. Ni Kiswahili tu, utasema. Ndiyo. Alifundishwa kwa Kiswahili na kulelewa kwa Kigogo, na kichwa chake kinafanya kazi. Mama yake bado hunisalimia. Ananisalimia vizuri mno, kama unavyomsalimia mtu aliyefiwa, na mimi nachukia kila siku ninapoisikia salamu ile.

Sikuambii usiende Morogoro. Nenda. Kiingereza ni chako, umekitolea jasho, na sioni aibu nacho hata kidogo. Nikikusikia ukikisema kwenye simu huwa nasimama nje nakusikiliza na moyo wangu unavimba. Wala sikuambii uwagomee hao waliokuajiri wiki ya kwanza. Sijui ofisi zinavyoendeshwa, wewe unajua.

Lakini najua benchi. Wewe utakuwa upande wa ndani wa dirisha, na kuna vitu kutoka huko havionekani, kwa hiyo nakueleza. Atakuja mwanamke amevaa nguo yake bora, iliyokunjwa siku nyingi mpaka ina mistari. Mtoto wake atakuwa amepakwa mafuta kupita kiasi. Atakuwa Mluguru au Mkaguru au mtu kutoka popote, na hutajua lugha yake kama mimi nisivyojua yako. Ukimwita kwa Kiingereza atatazama geti. Hapo una muda mfupi sana. Usipotoka ukamfuata, atakwenda, na wiki inayofuata ataletwa mtoto yule yule na mwanamke mwingine mwenye kofia, atafaulu vizuri sana, na wewe utaandika kwamba mzazi anafaa. Mtoto atakuwa amelipwa karanga.

Nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama ningeingia tu. Pengine mwalimu mkuu angecheka kwa upole na kuniambia ya nyumbani kwangu. Ningetoka kama Mama Chilewa, bila shule, bila machozi, na mtoto wangu mkononi anajua mama yake ni nani. Ungesoma shule ya serikali. Labda leo usingekwenda Morogoro. Ni gharama kubwa, sitakudanganya kwamba ningeilipa kwa furaha. Lakini usiku huwa najibu yale maswali. Najibu kwa Kigogo, moja baada ya jingine, na majibu yangu ni mazuri, Damari. Yunisi aliniambia walitaka kujua tunafanya nini jioni na mtoto. Ningewaambia jinsi nilivyokuwa nikikuhesabia nyota na kukuuliza vitendawili, na jinsi ulivyokuwa ukivijibu kabla sijamaliza kuvitega.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga kanisani, nimempigia Yunisi simu. Nimemwambia asije kesho. Akasema, "Wifi, na mimi nitamuagia wapi?" Nikamwambia amuage leo jioni, kama shangazi. Alilia. Mimi sikulia, na sikuona raha yoyote, maana nilimkopesha kitu ambacho hakikuwa cha kukopeshwa, na sasa nakinyang'anya kutoka kwa mwanamke asiye na kingine. Atafika saa kumi na mbili. Mpokee vizuri, mkumbatie sana. Amekupenda kweli.

Palizi nitaiacha. Kesho saa mbili gari la mkurugenzi wako likisimama hapa nje, nitakuwa mlangoni, nimevaa kitenge, na nitamwamkia kwa Kigogo kwanza halafu kwa Kiswahili. Hatajua mimi ni nani. Atakutazama, atanitazama, na kama ana macho ataona mwanya. Atauliza, kwa sababu watu wapole huuliza.

Nilishalijibu swali hilo mara moja kwa niaba yako, na nilijibu vibaya. Kesho nitafunga mdomo. Utajibu wewe, na lolote utakalosema, nitabeba begi lako mpaka kwenye gari.

Mama yako,
Merina